Karatasi Alizopeleka Tetu

Mama Theuri ndiye aliyenipa habari ya kwanza. Tulikuwa bombani asubuhi, ndoo zimejipanga, maji yanatoka kidogo kidogo kama yanatolewa na mchoyo.

"Yule Mwalimu wa nyumba ya mwisho alifukuzwa shuleni," alisema. "Hukusikia? Sasa kila asubuhi anavaa viatu na kupanda kilimani, ati anasoma. Mtu mzima kama yule anasoma nini? Anakaa kwenye stoo ya kahawa na wanaume kumi. Mimi sisemi kitu. Nasema tu nilichosikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Mama Watiri, wewe teka maji."

Huo ulikuwa mwaka wa 1985. Tulikaa katika ploti moja nje kidogo ya mji wa Nyeri, nyumba sita za mabati zinazotazamana, na bomba moja katikati. Kila mwanamke pale aliitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi nilikuwa Mama Watiri, jirani yangu Mama Theuri, na wengine hivyo hivyo. Ni yule wa nyumba ya mwisho tu aliyeitwa kwa kazi yake. Jina lake lilikuwa Tryphosa Ngendo, mzaliwa wa Kiriaini, ameolewa miaka minane. Hakuwa na mtoto. Watu walisema "Mwalimu" kwa heshima, lakini mimi niliona namna alivyogeuka polepole kila alipoitwa hivyo, kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa jina lingine.

Wiki ile ile alikuja kwangu na kipande cha bati kuomba makaa ya moto. Nilimwekea makaa matatu makubwa, na kwa kuwa sikujua kunyamaza wakati ule, nikamuuliza kama ni kweli alifukuzwa.

Alicheka. "Sikufukuzwa. Niliacha mwenyewe."

"Uliacha kazi ya serikali?"

"Niliacha, Mama Watiri. Niko kwa masters."

Alinieleza pale mlangoni mpaka makaa yakaanza kufifia. Kile chuo cha kilimani kilikuwa kimefungua darasa jipya la digirii ya pili ya biashara. Lilikuwa la kwanza huku kwetu, na walioingia walikuwa kumi na mmoja. Kumi walikuwa wanaume kweli, watu wa benki na wa ushirika na mmoja wa kiwanda cha chai. Na stoo ya kahawa ilikuwa kweli pia. Chuo hakikuwa na nafasi, kwa hiyo walipewa stoo ya zamani, ikapakwa chokaa, wakaletewa madawati ya shule ya msingi. Wanaume wenye tai walikaa na magoti nje kama panzi.

"Kuna mmoja anaitwa Dishon, wa benki," alisema. "Siku ya kwanza aliniuliza mbele ya watu wote, 'Madam, wewe ukimaliza utafungua duka ya kuuza chaki?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitaifungua karibu na benki yake, ndiyo ajifunze kuandika."

Tukacheka mpaka Wahome, kitinda mimba wangu, akaamka. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Mwaka wa kwanza alikuwa na furaha. Nilimwona akitembea na kitabu kimefungwa kwa gazeti ili kisichafuke, maana kila kitabu kilikuwa kimoja tu kwa watu kumi na mmoja, na kila mtu alipewa siku tatu. Siku zake zikifika alikisoma akikoroga uji, akichambua maharagwe, akingoja ndoo ijae. Mara nyingine alinisomea. Kulikuwa na habari ya kampuni ya sabuni ya Amerika iliyotaka kuuza sabuni yake katika mji wenye watu milioni nane.

"Sasa mimi nitauzia nani?" aliuliza. "Nyeri yote, pamoja na ng'ombe, haifiki milioni."

Mimi niliishia darasa la saba. Sikuelewa mengi, lakini niliona kwamba anaponisomea sauti yake inakuwa ile ya darasani, ya kumngojea mtoto wa nyuma. Nadhani mtoto wa nyuma nilikuwa mimi.

Mwaka wa pili mambo yakaanza kuharibika. Walimu wao walitoka Nairobi kila Ijumaa, kisha ikawa Ijumaa moja ndiyo, moja hapana, kisha wanafunzi wakawa wanakaa kwenye stoo mpaka saa nane wakitazama mlango. Mmoja wa ushirika alihamishwa kikazi. Wa kiwanda cha chai aliitwa na mkubwa wake achague kazi au darasa. Walibaki watano. Halafu karatasi ikabandikwa mlangoni: kila mwanafunzi alete utafiti wake umekamilika kabla ya tarehe thelathini Novemba. Atakayekosa hatapewa nafasi nyingine, kwa sababu darasa hilo halitafunguliwa tena.

Alirudi siku hiyo akaketi kwenye kizingiti changu bila kuomba makaa.

"Halitafunguliwa tena," alisema. "Hata kama mtu ni mgonjwa. Hata kama mtu amefiwa."

"Wewe utamaliza. Uko na kichwa."

"Si kichwa, Mama Watiri." Akaokota kijiti na kukivunja vipande. "Unajua Muriithi aliniambia nini?"

Muriithi ni mume wake, aliyefanya kazi ya mbao Nanyuki na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mtu mpole. Mama yake ndiye aliyekuwa na maneno. Tulimsikia wote siku alipotembea huku, akisema kwa sauti ya kusikika mpaka bombani kwamba mkaza mwanawe anatafuta mtoto kwenye vitabu. Kwa miaka minane Muriithi alimjibu mama yake. Mwaka huo aliacha kujibu.

"Aliniambia, maliza hiyo digirii, upate kazi kubwa, mama atanyamaza. Lakini ukirudi mikono mitupu, mimi sina neno lingine la kumwambia. Tayari ameshaenda kuona msichana fulani Naro Moru." Akatupa vile vipande vya kijiti. "Kwa hiyo ni hiyo tu. Hiyo digirii ndiyo imebaki."

Utafiti wake ulihusu maziwa. Alitaka kujua wanawake wa Tetu, mashambani nje ya mji, wanauza maziwa kiasi gani, na wanabakiza kiasi gani nyumbani, na kwa nini. Alisema ili ujue hayo lazima ujue mambo mawili kwanza: nyumba ina ng'ombe wangapi, na ina watoto wangapi wa kunywa. Alitengeneza karatasi za maswali, akazipiga kwa mashine ya stenseli ya chuo mpaka vidole vikawa vyeusi. Zilikuwa mia moja na ishirini.

Akasema atazijaribu kwangu kwanza, ingawa sina ng'ombe. Nilikuwa namnyonyesha Wahome.

"Watoto wangapi?"

"Andika wawili," nikasema.

"Na huyu?"

"Huyu bado ananyonya. Wa kunyonya hahesabiwi."

Alicheka akaandika tatu. Alidhani ni mzaha.

Ningemwambia pale pale. Lakini nilijiuliza, mtu wa masters atakosa kujua jambo ambalo hata mtoto mdogo wa kwetu anajua? Huku kwetu mtu hataji idadi ya watoto wake, wala ya mifugo wake. Ukihesabu kwa kinywa, umekiita kifo kije kichague. Nyanya yangu alizaa kumi, na mpaka anazikwa hakuwahi kutamka kumi. Alisema "tisa waliojaa", na kila mtu akaelewa. Tryphosa ni Mkikuyu kama mimi. Lakini alilelewa ndani ya ua wa misheni. Baba yake alikuwa katekista, na kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa akihesabu watu kwa kidole, kisha akaandika idadi ubaoni wote waone na wamshukuru Mungu. Kwao kuhesabiwa ilikuwa baraka. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye sana.

Mama mkwe wangu anakaa Tetu, kwa hiyo ni mimi niliyempeleka. Jumamosi sita tulikwenda, Wahome mgongoni kwangu, yeye na ubao wake wa kuandikia kifuani. Tulishuka barabarani tukakata njia za majani chai, nyumba hadi nyumba. Watu walitukaribisha vizuri. Walitupa uji, walitupa ndizi mbivu. Walimwita mwalimu na kumfutia kiti.

Nyumba ninayoikumbuka ni ya mama mmoja anayeitwa Gathoni, jirani wa mama mkwe wangu.

"Watoto ni wangapi, mama?" Tryphosa aliuliza.

"Ni wa Mungu."

"Ndiyo, lakini ni wangapi?"

"Si ndio hao unaona."

"Nipe namba tu, mama. Ya kuandika."

Gathoni alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Andika wawili."

Wawili walikuwa wakikoboa mahindi kando yetu. Watatu walikuwa wamepanda kwenye ua. Na mdogo kabisa alikuwa miguuni pake. Alimwekea kiganja kichwani, akamsukuma taratibu mpaka akawa nyuma ya sketi yake.

"Na ng'ombe?"

"Iko moja."

Ng'ombe mmoja akalia bandani kama aliyeitwa, na mwenzake akamjibu. Tryphosa hakuinua kichwa. Kichwa chake kilikuwa kwenye karatasi; alikuwa na mwandiko mzuri na aliandika kwa uangalifu, moja, mbili, kila jibu ndani ya kisanduku chake. Akasema asante sana mama, Mungu akubariki.

Tulipokuwa tukitoka Gathoni alinivuta mkono, nikabaki nyuma.

"Huyu ako na wangapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado."

"Ala." Alimtazama Tryphosa akishuka njia ya majani chai, ubao kifuani. "Ndiyo maana anataka kujua wa wenzake."

"Si hivyo, mama. Ni masomo."

"Masomo," alisema Gathoni. "Masomo gani yanauliza tumbo la mtu?"

Sikumwambia Tryphosa. Jumamosi iliyofuata niliona habari imetutangulia. Tulipofika, watoto walikuwa wameshaitwa ndani. Nyumba yenye nguo za shule tano kwenye kamba ilikuwa na mtoto mmoja. Karatasi themanini zilijaa hivyo, na yeye alizikumbatia njia yote ya kurudi, akisema, "Wanawake wa Tetu ni wazuri, Mama Watiri. Hakuna hata mmoja alikataa kunijibu."

Jumatano ya tatu ya Novemba alirudi saa sita mchana. Mvua ilikuwa imenyesha, na tope la kilimani lilikuwa limempanda mpaka magotini. Hakwenda kwake. Aliketi kwenye kizingiti changu, bahasha ya karatasi mapajani, imelowa pembeni.

"Imekwisha," alisema.

Nilimfuta miguu kwa tambara maana sikujua la kufanya. Aliniacha nimfute kama mtoto.

"Dakta Mutahi alikuja leo," akasema. Dakta Mutahi ndiye mwalimu aliyesimamia utafiti wake. "Alikuja kweli, baada ya wiki tano. Na alikuja na kitabu cha josho."

Josho la Tetu ndipo ng'ombe wote wanaoshwa kupe kila Jumanne, na karani huandika kila nyumba imeleta wangapi. Watu hawatamki, lakini ng'ombe wakipita mmoja mmoja karani ana macho yake. Dakta alikiomba kitabu kile ili kuthibitisha.

"Akafungua ya Gathoni. 'Karatasi yako inasema moja. Josho inaosha wanne.' Akafungua ya pili. 'Karatasi inasema moja. Josho inasema watano.' Alinipitisha zote themanini, moja moja. Wale wenzangu wanne walikuwa hapo. Dishon alikuwa hapo. Hakucheka, Mama Watiri. Afadhali angecheka."

"Pole."

"Halafu akaniuliza, 'Bi Tryphosa, hizi ulizijazia nyumbani?' Fikiria. Nilizijazia nyumbani. Nikamwambia hapana, nilikwenda kwa miguu yangu, Mama Watiri alikuwa na mimi. Akasema, 'Mama Watiri ni nani?'"

Alijaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Nimebakiwa na siku kumi. Alisema nilete majibu ya kweli, hata ya nyumba thelathini tu, au nisilete kitu. Kwa nini walinidanganya? Walinipa uji. Walinifutia kiti. Niliwakosea nini?"

Mama Theuri alikuwa bombani, ametega sikio, ndoo yake imejaa na kumwagika. Nilimwambia Tryphosa aingie ndani. Nikamwekea chai. Nikamwambia.

Nilimwambia habari ya kuhesabu, na ya nyanya yangu na tisa wake waliojaa. Alisikiliza akitazama chai, na nikaona uso wake ukibadilika taratibu.

"Lakini hayo ni mambo ya zamani," alisema. "Ya wazee. Watu ni Wakristo siku hizi."

"Ni Wakristo. Lakini mtoto ni mtoto, Mwalimu."

"Wewe ulijua? Jumamosi zote sita?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani unajua. Wewe umesoma. Nitakuambia nini mimi?"

Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa nusu ya kweli, na labda ningelala vizuri zaidi mpaka leo. Lakini alikuwa ameniuliza aliwakosea nini, na jibu nilikuwa nalo tangu kwa Gathoni.

"Hata mimi," nikasema. "Siku ile uliandika tatu. Wiki ile Wahome alipata homa, unakumbuka? Siku nne hakunyonya vizuri. Nilimkanda, nilimwombea. Na nilifikiria kalamu yako, Mwalimu. Nilijua ni vibaya. Nilikufikiria hivyo na wewe ndiye uliyemletea dawa kutoka mjini."

Mvua ilianza tena juu ya bati. Ilibidi tungoje ipungue ndipo tusikizane, na katika kungoja huko hakunitazama. Alimtazama Wahome, aliyekuwa ameketi sakafuni akigonga sufuria kwa kijiko. Nilikumbuka kwamba kwa miezi mingi sikuwa nimempa Tryphosa mtoto amshike. Hakuwa ameomba. Alikuwa ameona, na mimi nilidhani hakuona.

"Ni kwa sababu mimi sina," alisema.

Hakuwa akiuliza. Nilimwongezea chai.

"Kama ningekuwa na hata mmoja," akasema polepole, "wangeona ni masomo tu. Wangecheka. Wangesema tisa waliojaa, na mimi ningeandika kumi." Alipapasa bahasha. "Nimekaa miaka miwili kwenye ile stoo, nikajifunza namna ya kumjua mnunuzi. Mnunuzi ana umri gani, anaogopa nini, anataka nini. Nilipata alama za kwanza kwa somo hilo. Na nimekaa mbele ya wanawake themanini wananificha watoto, na sikuona."

"Ulikuwa unaandika."

"Ndiyo. Nilikuwa naandika."

Alitoa zile karatasi themanini, akaziweka sakafuni kando ya jiko, wino umeanza kutawanyika. Chini ya bahasha zilibaki zile arobaini ambazo hazikuwa zimejazwa, safi, visanduku vyake vitupu. Alizinyoosha kwa kiganja juu ya goti mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilijua anachofikiria kabla hajasema, na nilianza kuwaona wanawake wa Tetu mmoja mmoja, na mama mkwe wangu kati yao, na namna watakavyonitazama siku watakapojua ni mimi niliyebeba watoto wao kwenda kuwaweka katika kitabu cha chuo. Nilitaka mvua iongezeke nisisikie.

"Mama Watiri," alisema. "Nenda wewe. Mimi nitakaa pale dukani barabarani, nitageuza mgongo, wasinione hata kivuli. Huhitaji kubeba ubao. Uliza kama mnaongea tu, uweke kichwani, uniletee mimi niandike. Nyumba thelathini tu. Na uende na Wahome mgongoni. Wakimwona watajua wewe pia uko na wa kuogopea, na watakuambia." Sasa alinitazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Utaniulizia?"